Kuku "mzima" bila firigisi: mkahawa wa hapa Kisumu umeniaibisha mbele ya babangu

Watu wa Kisumu, niacheni niyatoe kabla sijalala.

Babangu ametoka Butere kuja kliniki ya macho. Ana miaka sabini na kitu, haji mjini ovyo ovyo. Jumapili gesi ikaisha chai ikiwa jikoni, bwana akasema basi tumtoe Baba tukale nje, kuna ile sehemu ya familia wanayopika vyakula vya kila jamii. Kwa nyumba kama yetu hiyo ni dawa. Mimi Mluhya, bwana Mjaluo, watoto wao ni pilau na chipsi tu. Ukutani wameandika kwa herufi kubwa kwamba hapo unakula kama kwa mama. Mama wa nani, sijui.

Bwana akaagiza ngege (yaani sato) wa mchuzi na mboga ya osuga, ile mnavu, watoto pilau, na kwa heshima ya mzee nikaagiza ingokho, yaani kuku wa Kiluhya, mzima, kienyeji, shilingi 2,400. Weita nilimuuliza mara mbili.

"Ni kienyeji?"
"Kienyeji kabisa, madam."
"Mzima?"
"Mzima."

Tukakaa saa moja na dakika arobaini. Pilau ilikuja peke yake, watoto wakala wakamaliza wakarudi kwenye bembea, sisi hata mikono hatujanawa. Hayo nayasamehe, Jumapili watu ni wengi.

Sinia ikatua. Baba akaiinamia, akageuza paja, akageuza shingo, akapekua chini ya mbawa. Hakusema neno. Aliyelelewa Uluhyani ameshajua mzee alikuwa anatafuta nini. Imondo. Firigisi! Kwetu mgeni mzee akichinjiwa kuku, firigisi ni yake, na asipoiona anajua amepewa salamu gani. (Zamani mama zetu hata kuku wenyewe hawakuruhusiwa kula. Mwiko huo siutetei, na siku nyingine firigisi naila mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini huyu ni babangu, na kuku alikuwa wake.)

Nikamwita weita. Mnajua alinijibu nini?

"Firigisi tunauza kando, madam. Mia mbili sahani."

Yaani firigisi ya kuku wangu, niliyemlipia mzima, naiuziwa tena! Bwana alikuwa ameinamia samaki wake kama anayehesabu miiba. Mkwe wake hajakaa naye meza moja tangu siku za mahari, na leo ndiyo anamkaribisha hivi.

Nikasema leteni hiyo sahani. Zikaja firigisi sita, ndogo ndogo, zimekaangwa na pilipili hoho. Baba akaziangalia akauliza kwa upole kabisa, "Hizi ni za kuku gani?" Kisha akachukua mfupa wa paja akaukunja kwa vidole viwili. Ukavunjika kama njiti ya kiberiti.

"Huyu hajawahi kukimbizwa," akasema, akanawa mikono.

Ndipo nami nikafungua macho. Kienyeji anakaa miezi mitano, sita, ndio awe wa kuchinjwa, na mfupa wake unashindana na meno. Hii ilikuwa nyama laini ya kuachia mfupa yenyewe, broila wa wiki sita aliyepitishwa kwenye moshi ili anukie kijiji. Na sasa niambieni: kienyeji ndiye huchelewa kuiva. Kama mlikuwa mnapika broila, ile saa nzima na zaidi mlikuwa mnampikia nani?

Meneja akaja na tabasamu lake. Eti wateja wengine hawajawahi kulalamika. Bili: 5,555, ndani yake 505 ya "huduma". Huduma ipi? Nikaomba risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA, nikaambiwa mashine ni mbovu, nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari. Na Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, jogoo hai, mwenye kucha na hasira zake, ningempata kwa nusu ya pesa ya yule wa sinia.

Wanaoniuliza jina la mkahawa, sitaliandika. Yule kijana weita anatumwa tu, na nikilitaja yeye ndiye atakayefutwa, meneja atabaki na tabasamu lake.

Baba karudi Butere leo asubuhi. Njiani hadi stendi aliongea habari za mvua na mahindi tu, kuku hakumtaja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wiki mbili zijazo ana kliniki tena. Anayejua mahali, kuanzia Kondele mpaka Dunga, wanapokuonyesha kuku kabla ya kumchinja na firigisi inakuja sinia moja na mwenyewe, aandike hapa chini. Gesi nimejaza, lakini bwana amekataa nipike. Anasema deni hilo ni lake.