Mjadala: Je, ni kodi iliyoyafanya makoloni 13 ya Amerika kuasi?

Mleta mada:
Ndugu wadau, tumezoea kuambiwa kwamba makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika yaliasi kwa kulemewa na kodi. Naipinga hoja hiyo, na shahidi wangu ni chai. Sheria ya Chai ya mwaka 1773 iliiruhusu Kampuni ya Uhindi Mashariki, kampuni ya biashara ya Kiingereza, kuuza chai yake moja kwa moja katika makoloni, hata bei ikashuka pamoja na kuwapo kwa ushuru wa peni 3 kwa ratili. Lakini usiku wa tarehe 16 Desemba watu wa Boston walitosa makasha 342 baharini. Anayelia na ughali hatupi kilichoshushwa bei. Walichokataa ni kukiri, kwa kuinunua chai ile, kwamba Bunge la London, ambamo hawakuwa na mbunge hata mmoja, lina haki ya kuwatoza.

London nayo ililielewa jambo hilo vivyo hivyo. Ilipofuta Sheria ya Stempu, iliyotoza kodi hati na magazeti ya makoloni, mwezi Machi 1766, baada ya bidhaa zake kususiwa, papo hapo ilipitisha nyingine iliyotamka kwamba Bunge lina uwezo wa kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote. Fedha ilisamehewa, mamlaka hayakuachiliwa. Adhabu za mwaka 1774 kwa kosa la chai ile, ikiwemo kufungwa kwa bandari ya Boston, ndizo zilizougeuza ugomvi wa mji mmoja kuwa wa wote: Septemba wajumbe wa makoloni 12, Georgia peke yake ikikosekana, walikutana Philadelphia.

Mchangiaji:
Unawasafisha mno. Chai ya bei nafuu iliwaumiza wafanyabiashara wa magendo, nao hawakukaa kimya. Tamko la mfalme la mwaka 1763 lilikuwa limewazuia walowezi kuvuka milima ya Appalachia na kutwaa ardhi ya wenyeji, na wenye tamaa ya ardhi hiyo, George Washington akiwa mmojawapo, walichukia. Kisha Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi ambao wangejiunga na jeshi la mfalme, na wenye watumwa wakaghadhibika. Sisi ambao babu zetu walitozwa kodi ya kichwa tusijione ndugu wa watu hawa. Wao walikuwa walowezi.

Mleta mada:
La ardhi nalipokea, na la watumwa pia kwa upande wa Virginia. Hata hivyo, ahadi ya Dunmore ilikuja miezi karibu 7 baada ya risasi za Lexington zilizoanzisha vita, na hata Julai 1775 Kongresi, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni, ilikuwa bado inamwandikia mfalme ombi la suluhu, naye Agosti akawatangaza kuwa waasi. Uhuru ulitangazwa mwaka uliofuata. Kuupata kulikuwa kazi nyingine. Baada ya ushindi wa waasi huko Saratoga mwaka 1777, Ufaransa iliingia vitani upande wao, na Oktoba 1781 jeshi la jenerali wa Uingereza, Cornwallis, lilisalimu amri huko Yorktown kwa kuwa manowari za Kifaransa zilikuwa zimelifungia njia ya bahari. Manowari hizo, nikumbushe tu, zilikuwa za mfalme aliyewatoza raia wake kodi huku baraza lao la kitaifa likiwa halijaitishwa tangu 1614.