Tanga: Wauzaji wa pawa saplai, acheni kutuuzia namba kubwa za wati kwa jina la kupunguza Luku

Ndugu wanajukwaa, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga, ambako tunachapa barua, tunatoa kopi na kuwasaidia vijana kutuma maombi ya kazi na ya vyuo. Kompyuta zetu sita ni zile za ofisi zilizotumika, zilizoingia nchini kutoka Ulaya, na kila moja ilikuja na pawa saplai yake ya asili, kile kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, ya wati 240 yenye alama ya 80 PLUS (cheti cha kutopoteza umeme mwingi) ya kiwango cha shaba. Zilikuwa nzima. Nilipokwenda kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta hapa mjini kuuliza namna ya kupunguza matumizi ya Luku, nilijibiwa hivi: "Dada, hizo za wati 240 ni ndogo, zinakamuliwa kutwa nzima, ndiyo maana zinakunywa umeme. Weka za wati 500 zifanye kazi kwa raha, utaona Luku inavyotulia." Fundi wao akaja, akabadilisha tano, akaondoka na zile za zamani. Ya sita ilibaki kwa sababu mzigo ulikuwa umewaishia.

Luku haikutulia, bali uniti zilianza kuisha upesi kuliko awali. Ndugu yangu ambaye ni fundi umeme akaniletea kile kipimo kinachochomekwa kwenye soketi, kinachoonyesha wati zinazovutwa kutoka ukutani, na hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Mashine iliyobaki na pawa saplai ya asili, ikiwa na programu ya kuandikia na kivinjari, bila kuhesabu skrini, ilivuta takriban wati 70. Mashine nyingine za aina ileile, zikifanya kazi ileile, lakini zikiwa na hizo zinazoitwa za wati 500, zilivuta kati ya wati 92 na 96.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Kazi ya pawa saplai ni kuupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo ubao mama, prosesa na diski vinazitumia, na katika kugeuza huko sehemu ya umeme hupotea kama joto. Ufanisi ni uwiano wa kinachotoka kwenda kwenye kompyuta na kinachoingia kutoka ukutani. Ikiwa kompyuta inahitaji wati 60 na pawa saplai ina ufanisi wa asilimia 85, ukutani zitavutwa wati 70 na kitu. Ikiwa ufanisi ni asilimia 64, zitavutwa wati 94, na hizo 34 za ziada hazifanyi kazi yoyote isipokuwa kukupashia chumba joto. Mita inazihesabu zote, na mwenye duka anazilipa zote.

Nilipiga hesabu. Wati 24 za ziada kwa kila mashine, mara mashine tano, kwa saa kumi za kazi, ni uniti 1.2 kila siku. Kwa siku 26 za mwezi ni uniti zipatazo 31, na kwa bei tunayolipa sisi, ambapo shilingi 10,000 inakupa takriban uniti 28, hiyo ni zaidi ya shilingi 11,000 kila mwezi, yaani karibu rimu moja ya karatasi inayoteketea bila kuchapwa hata ukurasa mmoja. Juu ya hapo, nguvu hiyo inayopotea ingetosha kuzungusha feni mbili za kusimama, lakini badala ya kutupoza inatuongezea joto humo ndani, na anayeijua Tanga ya mwezi wa Februari anaelewa ninachosema.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba muuzaji wa pili, mtaa huohuo, alinieleza kinyume kabisa: kwamba kosa ni wati 500, kwa sababu "kubwa inakula 500," na ninunue kwake za wati 200. Huyu naye anapotosha. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni kikomo cha juu cha kile ambacho pawa saplai inaweza kutoa, wala si kiasi inachokula. Fuso la tani kumi likipakiwa mifuko mitano ya saruji, limebeba mifuko mitano tu. Mashine inayohitaji wati 60 itachukua wati 60 iwe imefungiwa pawa saplai ya 240 au ya 650, na kitakachobadilika ni ufanisi peke yake.

Ukubwa una athari yake, ila si hiyo inayosemwa madukani. Mpango wa 80 PLUS, ulioanza Marekani mwaka 2004, hupima pawa saplai ikiwa imebebeshwa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake; kiwango cha kwanza kinataka ufanisi usiopungua asilimia 80 kote, na kwa vipimo vya volti 115 shaba inataka 82, 85 na 82, dhahabu 87, 90 na 87. Mzigo ukiwa chini sana ya asilimia 20, ufanisi kwa kawaida hushuka. Kwa hiyo kuifungia mashine ya ofisi pawa saplai ya wati 1,000, hata iwe nzuri, ni kuiendesha kwenye asilimia 6 ya uwezo wake, mahali ambapo haiko katika ubora wake. Zangu za wati 240 zilikuwa zikibeba mzigo wa robo ya uwezo wake, yaani zilikuwa zimekaa mahali panapofaa, na huyo bwana akazing'oa.

Wala hizo "500" si 500. Ukisoma kibandiko cha ubavuni, mstari wa volti 12 umeandikwa ampea 15. Zidisha mwenyewe: ni wati 180. Kompyuta za sasa huchukua sehemu kubwa ya umeme wake katika volti 12, na mistari iliyobaki haiwezi kuifikisha jumla hiyo kwenye wati 500 ambazo mashine itazitumia kweli. Namba 500 imeandikwa kwa herufi kubwa kama sehemu ya jina la modeli, na mnunuzi anaachwa aamini kuwa ni uwezo. Nauita huo udanganyifu.

Athari haikuishia kwenye uniti. Pawa saplai hizi zina ile swichi nyekundu ya 115 na 230, na hazina saketi ya kurekebisha pawa fakta, yaani uwiano wa wati zinazotumika kweli na zao la volti na ampea zinazovutwa. Mita zetu za kawaida zinahesabu uniti, kwa hiyo pawa fakta mbaya haikuongezei malipo moja kwa moja, lakini UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, inalazimika kubeba mkondo huo wa ziada. UPS iliyokuwa ikizimudu mashine tatu sasa inalia zikiwashwa pamoja. Zile za asili zilipokea umeme kuanzia volti 100 hadi 240 bila swichi yoyote, zikavumilia umeme unaposhuka jioni. Kwa hizi mpya, mashine zinajizima katikati ya fomu ya mteja.

Nilirudi dukani nikitaka nirudishiwe fedha au angalau pawa saplai zangu. Nikaambiwa bidhaa ikishafungwa hairudi, na kwamba za zamani "zilishauzwa." Ziliuzwa kwa nani, ikiwa zilikuwa mbovu kama nilivyoambiwa?

Ninakusanya risiti, picha za vibandiko na vipimo vya soketi ili nivipeleke Tume ya Ushindani, FCC, ambayo bidhaa bandia na kumlinda mlaji ni kazi yake. Wenzangu wenye steshenari na vibanda vya intaneti kuanzia Chumbageni hadi Makorora ambao wamefungiwa hizi "500," naomba mpige picha ya mstari wa volti 12 muiweke hapa, pamoja na bei mliyolipa na mlichoambiwa siku ya kununua. Na ambaye ana pawa saplai za asili za wati 240 zilizong'olewa kwenye mashine za ofisi, zenye alama ya 80 PLUS, aandike bei yake, nahitaji tano.