Kila Sikukuu Mombasa Watu Wanachujwa kwa Sura, na Hatari Yenyewe Inaachwa Ipite

Ndugu zangu wa Mombasa, pamoja nanyi wageni mnaotutembelea kila Desemba, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila inapokaribia Idd, Krismasi au Mwaka Mpya tunatangaziwa kwamba ulinzi umeimarishwa katika fuo na bustani za umma, kwamba askari wameongezwa, na kwamba kila mwananchi asherehekee bila wasiwasi. Siku yenyewe ikifika, tunachokiona penye njia za kuingilia ni askari wanaochuja watu kwa sura zao, mavazi yao na majina yaliyo katika vitambulisho vyao, ilhali mambo yanayoua na kujeruhi watu siku hizo, yaani bahari, giza, msongamano na vijana wenye mapanga, hayana mwenye kuyashughulikia. Nimechoka kuona uzembe huu wa kazi ukigeuzwa kila mwaka kuwa ugomvi wa makabila na dini baina ya watu waliokuja tu kupunga upepo.

Lililonifanya nishike kalamu lilitokea Idd pili. Vijana wa mtaani kwetu Majengo walikwenda ufuoni baada ya swala ya adhuhuri, wavulana wakiwa na kanzu na kofia zao za sikukuu, na pamoja nao alikuwapo binti wa jirani yangu ambaye ana asili ya Kisomali na amezaliwa na kulelewa papa hapa kisiwani. Walisimamishwa, wakaamriwa waketi mchangani mbele ya umati, wakaulizwa vitambulisho. Wavulana walipotoa vyao, askari waligeukia yule binti na kumtaka aeleze baba yake ametoka wapi na babu yake alizikwa wapi. Kwa muda wote huo watu wengine walipita na mikoba mikubwa ambayo hakuna aliyeifungua hata zipu. Hakuna kijana aliyeambiwa anashukiwa kwa kosa gani. Waliachiliwa Magharibi ikikaribia kuingia, sikukuu yao ikiwa imekwisha, kwa sababu mzee mmoja aliyekuwa akipita alikataa kuondoka mpaka mkubwa wa askari wale ajitokeze.

Wakati huo huo, hatua chache kutoka pale walipoketishwa, mama mmoja mgeni kutoka bara alikuwa akizunguka huku analia kwamba mwanawe haonekani. Alimwendea askari yule yule aliyeshika vitambulisho vya vijana wetu, naye akamjibu kwamba aende kituoni akaandikishe taarifa. Mtoto hatimaye aliokolewa na wachuuzi wa madafu, ambao walimkalisha kivulini na kumtuliza kwa achari mpaka mama yake alipofika. Naomba wale wanaopenda kuhubiri kwamba mpwani na mbara hawawezi kuishi pamoja walitafakari tukio hilo: aliyemsaidia mama yule ni mwenyeji asiyelipwa na yeyote, na aliyemfukuza ni mtumishi wa umma ambaye mshahara wake unatokana na kodi yetu sote.

Sasa tuzungumze juu ya bahari, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona uzembe ulio wazi zaidi. Idd ya Mfunguo Mosi husaliwa mwezi unapoandama, na kila mvuvi wa Mombasa anajua kwamba mwezi mwandamo huja na maji ya bamvua. Siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi hata mtu akaweza kutembea mbali juu ya mchanga na miamba, kisha hujaa kwa nguvu hadi kufikia saa kumi au saa kumi na moja jioni, na kimo chake hupanda kwa zaidi ya mita tatu. Maana yake ni kwamba familia hufika ufuoni baada ya chakula cha mchana, saa zile zile ambazo maji yanarudi upesi, na watoto waliokwenda kucheza kwenye mafungu ya mchanga hujikuta wamezungukwa. Wengi wanaokodi maboya ya mipira hawajui kuogelea. Wageni kutoka bara, ambao hawakukulia baharini, hawana namna ya kulijua jambo hili wasipoambiwa, na wala si haki kuwacheka kwa kutolijua. Kalenda ya mwezi haifichwi, majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji huchapishwa kwa kila mwaka, na redio zetu husikika hadi ndani ya matatu. Kwa nini basi saa za maji hazitangazwi misikitini, makanisani na redioni wiki nzima kabla ya sikukuu? Kwa nini idadi ya askari waliokuwa wakikagua vitambulisho ilizidi kwa mbali idadi ya waokoaji niliowaona wakiangalia maji?

Kisha linakuja jua kuchwa. Ikifika saa kumi na mbili jioni filimbi hupulizwa na watu wote huamriwa watoke ufuoni kwa wakati mmoja, maelfu ya watu, wengi wao wakiwa na watoto waliosinzia mabegani, wakasukumwa kwenye njia nyembamba zisizo na taa kuelekea barabara kuu, ambako nauli imepanda na magari hayatoshi. Hapo ndipo simu zinaponyang'anywa na watu kupigwa ngeta, na hapo ndipo vijana wa panga huwasubiri, kwa sababu wanajua kwamba askari waliojaa kwenye lango la kuingilia tangu asubuhi wameshapanda gari lao. Magenge haya si siri. Mwishoni mwa mwaka 2016 serikali yenyewe ilichapisha katika gazeti lake rasmi majina ya magenge yaliyopigwa marufuku, likiwamo la Wakali Kwanza lililowasumbua wakazi wa Kisauni. Waliokatwa mapanga miaka yote hii ni wauza mboga, wanafunzi, wapwani na wabara bila ubaguzi. Wanaovuka kwenda Likoni nao hukutana na foleni ya feri ambayo katika sikukuu hutisha, na katika mji uliozika watu 272 baada ya feri ya Mtongwe kuzama tarehe 29 Aprili 1994, sielewi ni vipi msongamano wa watu bado unachukuliwa kuwa jambo dogo.

Kwa kuwa hatari hizi hazizuiliwi, watu hutafuta wa kulaumu, na wanachokipata karibu ni kabila la mwenzao. Mgeni akipokonywa simu husikia akiambiwa na wenzake kwamba hivi ndivyo walivyo watoto wa Mombasa, wavivu na wezi, na kwamba hao wavaa kanzu ndio wanaofundishwa ubaya. Mwenyeji akisukumwa katika msongamano hupaza sauti kwamba wabara wamejaa pwani yetu, warudi kwao. Desemba iliyopita nilisikia maneno hayo ya pili yakiimbwa na kundi la vijana karibu na Mama Ngina, mahali palipokarabatiwa kwa fedha za umma wa Kenya nzima na kufunguliwa mwaka 2019, na watu wazima waliokuwa wakila viazi karai kando yao hawakuwakemea. Nilikemea mimi, nikaitwa msaliti.

Mimi ni mpwani wa kuzaliwa, na nayajua madai yetu ya ardhi, ya kazi bandarini na ya vitambulisho, na nayaunga mkono yote. Lakini tulio na umri wa kutosha tunakumbuka maneno "warudi kwao" yalitufikisha wapi. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, silaha zikachukuliwa, na katika siku na wiki zilizofuata watu wa bara walisakwa, nyumba na vibanda vyao vikachomwa, zaidi ya watu 100 wakafa na maelfu wakahama. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakia miezi minne tu. Baada ya hapo msako wa polisi uliwaangukia vijana wa pwani, wengi wao wasiohusika, wakapigwa na kuteswa, na watalii walipokimbia, hoteli zilifungwa na waliofutwa kazi walikuwa wapwani na wabara pamoja. Yeyote anayechezea maneno hayo siku ambayo maelfu ya watu wamebanana mahali pamoja, wengine wakiwa wamelewa na wote wakiwa wamechoka, anachezea roho za watu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaadhibu uchochezi wa chuki ya kikabila kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu au vyote viwili, na sijaona askari akiikumbuka sheria hiyo ufuoni, ingawa kitambulisho cha binti wa Kisomali hawakusahau kukiuliza.

Nitajibiwa kwamba kuna tishio la ugaidi. Silikanushi hilo hata kidogo. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ililipuliwa, na kati ya watu 13 waliouawa, bila kuwahesabu washambuliaji, 10 walikuwa Wakenya, wakiwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Wale walikuwa watu wetu. Ndiyo maana nasema mikoba yote ifunguliwe na kila gari likaguliwe, langu likiwa la kwanza. Ukimkagua mwenye kanzu na kumwachia mwenye kaptura apite, hujamkagua mtu, umempa adui maelekezo ya namna ya kuvaa. Tena msako wa mwaka 2014, ambapo maelfu ya Wasomali walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, uliacha familia zisizotaka tena kuzungumza na polisi, na askari asiyezungumzwa naye na wazazi hatapata habari za kijana anayepotoka hadi iwe imechelewa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, dini, lugha, na hata mavazi, ambayo yametajwa wazi. Kifungu cha 49 kinampa anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja, katika lugha anayoielewa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulinong'ona tu. Msongamano wa fuo chache za umma, kama ule wa Jomo Kenyatta ambao wengi tunauita Pirates, hautokani na wingi wa watu peke yake. Njia nyingi ambazo baba zetu walizitumia kuteremkia baharini zimezibwa kwa kuta za majumba na hoteli, na ukifanikiwa kupita kwenye iliyobaki utakutana na mlinzi. Mimi na wanangu tuliwahi kufukuzwa na walinzi wa hoteli moja kwenye mchanga uliokuwa bado umelowa maji, huku Wazungu waliolala pale pale wakiachwa kwa amani, na mlinzi aliyetufukuza alikuwa Mwafrika kama sisi. Kifungu cha 62 cha Katiba kinataja ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa kuwa ya umma. Basi Mkenya anafukuzwa kwenye mali yake, anasukumwa akabanane na wenzake kwenye kipande kimoja cha ufuo, na wakigombana huko wanaambiwa tatizo ni ukabila wao.

Wenye dhamana ya usalama na ya kaunti wasitupe tena hotuba. Watutajie, kabla ya sikukuu ijayo, afisa mmoja mwenye jina na cheo atakayewajibika kwa kila eneo la mkusanyiko, na askari wake wavae namba zinazosomeka. Ukaguzi uwe wa kila anayeingia. Waokoaji waajiriwe kwa mishahara na wapewe vyombo, hema la watoto waliopotea liwekwe mahali panapoonekana, na watu waanze kuruhusiwa kutoka mapema kwa awamu, askari wakibaki njiani mpaka gari la mwisho liondoke. Njia zilizozibwa zifunguliwe. Ramani za mipango ya ardhi zipo ofisini mwao na hazihitaji tume nyingine ya uchunguzi.

Nanyi mliosimamishwa Idd iliyopita au Krismasi kwa sababu ya jina, ngozi au vazi, wapwani kwa wabara, andikeni siku, saa, mahali na namba ya gari la askari, mkiwa na shahidi. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hupokea malalamiko ya raia bila malipo. Wazazi wa vijana wale wa Majengo wamekubali kuandikisha la kwao, na mama wa yule binti amesema atatia sahihi yake juu ya zote.