Shangazi kapata mchumba mtandaoni, nahisi sura ni ya AI, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Shangazi yangu ni mjane, kapata mchumba mtandaoni anayejiita daktari wa jeshi la Marekani, sasa eti jamaa katuma mzigo umekwama uwanja wa ndege na shangazi atume hela ya kuukomboa, tena kwa namba ya mtu binafsi! Nikimwambia shangazi kuwa huyo ni tapeli ananijibu mbona namwona laivu kwenye vidio koli. Nimemweleza siku hizi sura inatengenezwa kwa AI (akili bandia), Hong Kong mwaka 2024 polisi walikamata watu 27 kwa utapeli wa mapenzi wa namna hii, matapeli hao walishavuna kama dola milioni 46, ila shangazi hasikii kabisa na inaniuma sana.

Nataka amwambie jamaa ageuze uso pembeni au apitishe mkono mbele ya sura maana hapo picha feki mara nyingi inavurugika, ila naogopa isipovurugika ndo atamwamini zaidi, hizo programu zinazidi kuwa kali. Hiyo namba ya kutumiwa hela nimeshairipoti kwa kuituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu hapa Tanzania.

Waliowahi kumtoa mzazi kwenye hali hii, mlianzaje kuongea naye bila kumdhalilisha? Na hela aliyokwishatuma kwa simu kuna aliyefanikiwa kuirudisha?