Naomba ushauri: mgeni ametuma arubuni kwa akaunti isiyo yetu

MwanaLangoni: Assalaam alaikum wanajamvi. Nasoma diploma ya biashara, na jioni nashika hesabu na barua pepe za nyumba ya wageni Shela, hapa Lamu. Mgeni wa Disemba ametuma arubuni benki, lakini akaunti si yetu. Nimeshabadilisha paswadi. Nikiifomati laptopu yatakwisha? Usingizi hauji.

FundiMitambo: Waalaikum salaam. Usifomati, utafuta ushahidi. Mwambie mgeni apigie benki yake leo hii aombe malipo yazuiwe. Kila saa ipitayo, pesa zinazidi kwenda mbali. Kisha itazame barua aliyopokea, anwani herufi kwa herufi. Matapeli huweka r na n zikashikana zikawa kama m. Je, ni anwani yenu kweli? Na kuna mtu uliyempa namba ya uthibitisho, ile inayotumwa kwa simu ukiingia kwenye akaunti?

BintiManda: Kwa kuwa unasoma biashara, zishike nguzo 3 za usalama wa taarifa: usiri, ukamilifu, upatikanaji. Picha za pasi za wageni kuonwa na asiyehusika, usiri umevunjika. Namba ya akaunti kubadilishwa ndani ya ankara, huo ni ukamilifu. Ukifomati ukapoteza orodha ya wageni, upatikanaji umeuvunja kwa mkono wako. Nakala ziwe 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Flashi inayoshinda imechomekwa kwenye laptopu hiyo hiyo usiihesabu, kwani kirusi kikiingia kitazipata zote mbili.

MwanaLangoni: Anwani ni yetu. Paswadi tulikuwa nayo watu watatu, lakini hiyo ni kawaida ya kazi.

FundiMitambo: La namba hujajibu.

MwanaLangoni: Haya. Wiki mbili nyuma mtu alipiga simu akasema anatoka huduma ya barua pepe, nikamsomea tarakimu 6. Alijua jina la nyumba na la tajiri, yeyote angeamini. Lakini wageni wengine sitawaambia. Tajiri ataniachisha na msimu utaharibika.

MzeeWaMkomani: Mwanangu, pasi ya mtu ni amana. Amana ikiguswa, mwenyewe huambiwa.

Kusi_Kali: Mimi naona hili ni swali la darasani. Kusi inavuma, si msimu wa wageni, nyumba nyingi Shela zimefungwa. Wageni wa arubuni wametoka wapi?

MwanaLangoni: Nyumba imefungwa, ndiyo maana barua ziko kwangu. Wa Disemba hulipa mapema wasikose vyumba.

FundiMitambo: Hata likiwa la darasani, jibu ni hili. Tumia kompyuta nyingine unayoiamini. Ingia kwenye mipangilio ya barua pepe, utazame vichujio (amri zinazopanga barua zenyewe zikiingia) na usambazaji wa barua. Aliyeingia huacha kichujio huko, na kubadilisha paswadi hakukigusi. Tazama pia simu na anwani ya kurejeshea akaunti, huenda ni zake. Ukiziacha, paswadi mpya ataibadilisha tena. Ondoa programu zenye ruhusa usizozijua, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, ndipo uweke paswadi mpya ndefu isiyotumika kwingine, na uthibitisho wa hatua mbili. Kila mtu awe na akaunti yake. Watatu wakitumia moja, huwezi kujua nani alifanya nini.

Na kuhusu kunyamaza: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mwenye biashara saa 72 tangu ajue, amwarifu Kamishna wa Data ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wenye data. Wenye data nao waarifiwe kwa maandishi. Tajiri hawezi kufanya hayo kama umemficha.

MwanaLangoni: Nimekiona kichujio. Kila barua yenye neno SWIFT, ule mtandao wa benki wa malipo ya nje, inatumwa kwa anwani nisiyoijua, kisha inaingia pipani, kwenye barua zilizofutwa.

FundiMitambo: Piga picha ya skrini, saa ionekane, ndipo ukifute. Zirudishe barua za pipani sasa hivi, kwani huduma nyingi hulisafisha pipa baada ya siku 30.

Kusi_Kali: Nisamehe, ndugu. Ziko ngapi?

MwanaLangoni: 9. Mbili ni za wageni wanaouliza kwa nini akaunti imebadilika, hawajalipa bado. Nawapigia kwa namba walizoandika kwenye fomu, kisha nakwenda kwa tajiri kabla ya Isha.

BintiManda: Ankara nayo mpelekee, ile halisi na iliyobadilishwa.