Shule za msingi na sekondari zipewe kaunti? Tubishane

MwanaMvita
Septemba 2024 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa wabunge, inakiuka Katiba, ikaiwekea mwisho Juni 30, 2026. Haya, mbunge akitolewa kwenye kujenga madarasa, kwa nini kazi yote isihamie kaunti? Jedwali la Nne la Katiba limewapa magavana chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, basi. Msingi, sekondari, mtaala, mitihani, vyote viko Nairobi. Mtoto wa shule ya msingi anatengewa shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na hizo nazo zikichelewa mwalimu mkuu wa Lunga Lunga kule Kwale akae akisubiri Jogoo House, makao ya Wizara ya Elimu. Nani anapinga na kwa nini?

Baba Zawadi
Mimi napinga. Kaunti wamepewa watoto wa miaka minne na kinachoendelea ni nyimbo na uji. Mwalimu anaimbisha asubuhi, saa tano watoto wako njiani, yeye yuko sokoni anauza. Halafu mtu huyo huyo mumpe Gredi ya 9!

Mstaafu wa Chaki
Vijana, hili tulishalionja. Baada ya uhuru shule za msingi zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya kaunti. Baraza likiwa na hela mwalimu alilipwa, likikosa alikaa. KNUT, chama cha walimu, iliundwa 1957 na moja ya madai yake makubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote, ndipo TSC, tume ya kuajiri walimu, ikaja 1967. Mwaka 1970 mabaraza yakapokonywa shule, afya na barabara kwa sababu yalikuwa yameelemewa. Manispaa kubwa zikabaki nazo, ndiyo maana wengi wenu wa Nairobi mlisoma shule za City Council. Sasa anayetaka turudi huko aniambie kitu kimoja: mshahara wa mwalimu utatoka mfuko gani?

Chaki Mkononi
@Baba Zawadi, mimi ndiye huyo wa nyimbo. Wimbo unaoucheka ndio unaomfanya mtoto asikie tofauti ya "ba" na "pa" kabla hajashika penseli. Vizibo vya soda tunavyookota ndiyo hesabu yake ya kwanza. Asipopitia hapo, mwalimu wa Gredi ya 1 atahangaika naye mwaka mzima na wewe utaulaumu mtaala wa CBC.

Nina diploma. Nina watoto hamsini na kitu, PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, chumba kimoja. Chumba chenyewe kimo ndani ya ua wa shule ya msingi: jengo la gavana, kiwanja cha shule, mwalimu mkuu wa TSC. Choo kikiziba kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Jina la kaunti yangu sitalitaja, mkataba bado nauhitaji. Na ndiyo, jioni nauza mahamri. Mshahara huchelewa, mahamri hayachelewi.

Baba Zawadi
Pole mwalimu, lakini umenisaidia. Kama wa chekechea halipwi kwa wakati, waongezewe wengine wa nini? Na hayo mahamri ni ngapi ngapi 😂

Chaki Mkononi
Usinicheke. Zawadi anasoma wapi?

Baba Zawadi
Private. Ni dhambi?

Mama Tatu Kayole
KUMBE! Watu tumekaa hapa tunasomeshwa kuhusu shule za umma na mtu ambaye mwanawe anabebwa na van hadi mlangoni.

Baba Zawadi
Nalipa ushuru kama wewe. Nina haki ya kusema.

Mama Tatu Kayole
Sema basi ukijua unachosema. Wangu yuko shule ya msingi ya serikali hapa Kayole. Mchana anakula kwa shilingi tano, anagusisha ile bangili yake kwenye mashine, anapewa sahani. Hiyo ni Dishi na County, mpango wa kaunti na shirika la Food4Education, tangu 2023. Mnabishana kama kaunti iingie shule ya msingi na jiko la kaunti linamlisha mtoto kila siku. Siku zile hakukuwa na chakula alikuwa analala darasani.

MwanaMvita
Asante mama. Na karo za sekondari je? Kwale ilikuwa na basari ya Elimu ni Sasa wakati wa gavana Mvurya, watoto wa maskini walifika shule za kitaifa ambazo wazazi wao walikuwa wanazisikia redioni tu. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Nyakang'o, akatoa waraka: sekondari si kazi ya kaunti, hakuna basari bila makubaliano rasmi na serikali kuu. Magavana wakalia, wazazi wakalia zaidi. Ubishi huo wote ungekwisha shule zikiwa za kaunti.

Baba Zawadi
Hapo kwenye basari usinianze. Hundi kubwa kama mlango, gavana katikati, mtoto pembeni ameshikilia ncha. Ukitaka jina lako liwemo uliza kwanza diwani wako ni nani na ulimpigia nani kura.

MwanaMvita
Na CDF ilikuwa inagawiwa na malaika?

Mstaafu wa Chaki
Bado sijajibiwa. Mfuko gani?

Dada wa Tanga
Shikamoo mzee. Nichungulie kidogo kutoka ng'ambo ya Horohoro. Huku Tanzania shule za msingi na sekondari ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa. Mwalimu yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri lakini mshahara unatoka Hazina. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016. Kwa hiyo usimamizi na mshahara vinaweza kukaa mahali tofauti.

Kipusa
Dada, na darasani mko mia mia, tumesikia.

Dada wa Tanga
Nanyi mmejibanza wangapi? Mwalimu hapo juu ana PP1 na PP2 chumba kimoja.

Mstaafu wa Chaki
Marahaba mwanangu. Hilo angalau ni jibu. Lakini kwetu TSC imo ndani ya Katiba, Kifungu cha 237. Huigusi kwa kelele za magavana.

Abdi wa Garissa
Mnaongea kama TSC ni mama mzazi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa na magaidi Kamuthe, hapa Garissa, kisha TSC ikaondoa walimu wasio wenyeji. Shule zikabaki na mwalimu mkuu na kengele. Simlaumu aliyeokoa roho yake, mimi pia ningeondoka. Ila nani alibaki na watoto? Wenyeji, tena waliolipwa na wazazi. Kaunti ingekuwa mwajiri ingeajiri wa hapa hapa.

Kipusa
Ndiyo hapo ukabila unapoanzia. Wa hapa hapa, wa hapa hapa. Mwalimu Mgiriama asifundishe Nyeri?

Abdi wa Garissa
Nimezungumzia mazishi, wewe unazungumzia Nyeri.

Kipusa
Nimeuliza tu.

Chaki Mkononi
Kwa wanaodhani kaunti huajiri wenyeji kwa sifa: nafasi hutangazwa, mnapiga foleni na vyeti, orodha inatoka na wengine hamjawahi kuwaona kwenye foleni. Mimi nataka TSC ituchukue, hata leo. @MwanaMvita wewe unataka kuwapeleka wenzetu tunakotaka kutoka.

MwanaMvita
Mwalimu, TSC hiyo hiyo ndiyo iliyowaweka walimu wa JSS, Gredi ya 7 hadi 9, kama wanagenzi kwa elfu ishirini kabla ya makato hadi wakagoma 2024.

Chaki Mkononi
Elfu ishirini! Kaka, wengine tungeshangilia.

Baba Zawadi
Na bado hajasema bei ya mahamri.

Mama Tatu Kayole
Wewe nenda ukalipe karo.

Kipanga Mkavu
Sijasoma yote. Jibu ni HAPANA. Kaunti hata takataka zimewashinda.

MwanaMvita
Kaunti gani? Kibarani palikuwa jaa tangu sisi watoto, leo ni bustani. Usituchanganye na jaa la Dandora la Nairobi.

Mama Tatu Kayole
Dandora imeingiaje hapa?

Kipanga Mkavu
Imeingia kwa harufu. Na nyinyi wa Mombasa mvua ya dakika kumi mnaogelea barabarani.

MwanaMvita
Mimi wa Likoni. Feri ikikwama tunaogelea hata bila mvua.