MREJESHO: Video za tovuti yangu sasa zinafunguka

Wakuu, nilileta shida hapa: video za bidhaa kwenye tovuti ya biashara yangu zilikuwa zinazunguka tu bila kucheza, na kifurushi cha hosting (huduma ya kuhifadhi tovuti mtandaoni) kinaisha kabla ya mwezi. Nimefuata ushauri wenu, narudi na majibu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa napandisha video vilevile zilivyotoka kwenye simu, 4K (ubora mkubwa sana wa picha). Moja ya dakika mbili ilikuwa MB 412! Nimeipitisha HandBrake (programu ya kubadilisha na kubana video), nikaitoa kama faili la MP4 lililobanwa kwa mfumo wa H.264, ubora wa 1080p (chini ya 4K), ikashuka hadi MB 38, na kwa macho yangu sioni tofauti. Ila kilichonishangaza ni kile kisanduku cha "Web Optimized" ndani ya HandBrake. Kumbe faili la MP4 lina faharasa yake (orodha inayoonyesha kila kipande cha video kiko wapi), na mara nyingi inakaa mwishoni, kwa hiyo kivinjari kinahangaika kuitafuta kabla ya kuanza kucheza. Ukiweka tiki, faharasa inahamia mwanzoni. Nilibonyeza pleyi, ikaanza papo hapo. Nilicheka peke yangu.

Pia kwenye msimbo wa ukurasa nimeweka preload="none" (video isipakiwe mapema) na picha ya poster (inayoonekana kabla video haijaanza), sasa data haiendi mpaka mteja abonyeze mwenyewe.

Zile ndefu za mafunzo nimeshindwa kuzibeba. Nimezihamishia YouTube na kuzipachika kwenye ukurasa. Sipendi mapendekezo ya video za watu wengine yanayotokea mwishoni, lakini seva yangu imepumua.

Aliyenitajia HandBrake, asante sana mkuu.